Gitaa Tunalolikata: Solo katika Nyimbo za Kiswahili na Ufundishaji Wetu

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaopita katika idara yetu wanazifahamu vizuri karatasi za nyimbo. Juu pameandikwa jina la wimbo na la bendi, kisha zinafuata beti na kiitikio, na mwisho yapo maswali: taja dhamira, taja tamathali za usemi, eleza mtazamo wa mtunzi kuhusu mwanamke. Pale ambapo mwimbaji amenyamaza, mnukuzi ameweka neno moja tu, "ala", au hakuweka kitu kabisa. Mwalimu akibahatika kuwa na spika darasani, hupiga wimbo mpaka maneno yanapokwisha, halafu huuzima na kuanza mjadala. Nimehudhuria masomo ya namna hiyo katika shule tunazopeleka wanafunzi wetu kwa mazoezi ya kufundisha. Kidole cha mwalimu hukaa tayari juu ya simu, kikisubiri silabi ya mwisho.

Makala haya yanahusu kile kinachobaki baada ya kidole hicho kushuka. Katika nyimbo nyingi za dansi za Afrika Mashariki na za Kongo ya Mashariki, maneno yakiisha wimbo ndio kwanza unafika katikati. Nyuma yake kuna gitaa la solo, na kwa maoni yangu gitaa hilo ni sehemu ya matini. Nitataja solo chache ninazozipenda na kueleza kwa nini nazipenda. Msomaji atakayeona nimemwacha mpiga gitaa wake anaruhusiwa kukasirika. Katika jambo hili hakuna mahakama ya rufaa.

Nianze na Mwenda Jean Bosco, aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi huko Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Bosco alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwa na gitaa kavu na sauti yake peke yake. Kati ya alivyorekodi umo wimbo "Masanga". Mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza huuliza nani anapiga gitaa la pili, na jibu ni kwamba la pili halipo. Bosco alitumia vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba lilishika nyuzi nene likienda kama mtu anayetwanga, na shahada ilicheza juu yake kwenye nyuzi nyembamba kwa mpigo ambao haukubali kukutana na ule wa gumba pale masikio yanapotarajia. Mtaalamu David Rycroft aliuchambua upigaji huo noti kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaonyesha jinsi Bosco alivyobadilisha kipande kilekile kidogo kidogo kila alipokirudia.

Hapo kwenye kukirudia ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopaswa kusimama. Tunafundisha takriri. Tunawaambia wanafunzi kwamba fanani hurudia ili kusisitiza, na wao wanaandika "kusisitiza" katika daftari, kisha wanaandika "kusisitiza" katika mtihani, na mjadala umekwisha. Lakini takriri ya Bosco haisisitizi kitu. Kipande cha gitaa kinashuka kutoka juu kwenda chini, kinarudi juu, kinashuka tena, na katika kila mshuko kuna noti moja imechelewa, au imeongezwa, au imemezwa. Mwenye sikio husubiri noti hiyo. Hii ni takriri ya kumfanya msikilizaji asubiri, na bibi wanaosimulia ngano wanaijua vizuri kuliko vitabu vyetu: zimwi linapobisha mlango mara ya tatu, hakuna mtoto anayedhani bibi anasisitiza.

Jambo jingine kuhusu Bosco linatuhusu zaidi. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho husema "batoto" pale sisi tunaposema "watoto", na ambacho upatanisho wake wa kisarufi ungempatia mwanafunzi wetu alama nyingi nyekundu. Nimewasikia walimu wakikataa kumtumia darasani kwa sababu hiyo. Wanasema ataharibu Kiswahili cha wanafunzi, kana kwamba wanafunzi wetu wa Kigali hawana majirani waliokulia Bukavu, Goma na Lubumbashi. Santuri za Bosco zilisafiri hadi Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 naye mwenyewe alikaa huko kwa muda, na vijana wa Kenya walijaribu kuiga vidole vyake. Hawakumngojea kwanza apate cheti cha Kiswahili sanifu.

Kuhusu gitaa la umeme sitakawia, kwa sababu yaliyosemwa ni mengi. Mwaka 1960, wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara juu ya uhuru wa Kongo, bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa Brussels na huko ikarekodi "Indépendance Cha Cha". Maneno yake ni orodha ya vyama na viongozi waliokuja kujadiliana. Orodha, kama tunavyojua, ni mtindo mkavu. Anayeifanya icheze ni Nicolas Kasanda, Dokta Nico, akisindikizwa na kaka yake Déchaud kwenye gitaa la rithimu. Solo yake ni safi, kila noti imeoshwa. Nico alifariki mwaka 1985. Franco wa OK Jazz, aliyefariki mwaka 1989, alikuwa na gitaa la namna nyingine, lenye ukali na ukaidi, la kurudia kipande kimoja mpaka mchezaji asalimu amri. Ukiuliza hapa Kigali nani zaidi, uwe umeagiza chakula kabla ya kuuliza. Mimi namheshimu Nico na ninamsikiliza Franco.

Sasa nije kwenye jambo la kiufundi ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Santuri ndogo ya mizunguko arobaini na mitano kwa dakika ilikuwa na upande wa kwanza na wa pili, na kila upande ulibeba dakika chache tu. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja. Kwa hiyo kampuni za Nairobi na Kinshasa zilizoea kuukata mara mbili: sehemu ya kwanza huku, sehemu ya pili kule. Maneno mengi yakawa upande wa kwanza. Upande wa pili ukawa wa magitaa, kiitikio kikirudi mara chache na majina ya wapigaji yakitajwa. Mtangazaji wa redio mwenye haraka alipiga upande wa kwanza tu. Leo nyimbo hizo zimewekwa mtandaoni, na nyingine zimeunganishwa pande zote mbili. Ukisikiliza kwa makini unasikia sauti ikififia, kimya kidogo, kisha muziki unarejea. Nyingine zimewekwa upande mmoja tu, na aliyeziweka hakusema kwamba kuna mwingine. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu wimbo wa namna hiyo anachambua nusu ya kazi bila kujua. Nimesimamia tasnifu za namna hii, na jambo la kwanza ninaloliuliza siku hizi ni kama mwanafunzi ameutafuta upande wa pili.

Tanzania ilikuwa na hali yake. Haikuwa na kiwanda cha kugonga santuri, kwa hiyo bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda nyingine zikapelekwa Nairobi kugongwa huko. Studioni bendi nzima ilipiga kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja. Mpiga solo hakuwa na nafasi ya kurudi kesho kusahihisha noti iliyoteleza. Tunachosikia katika rekodi za miaka ile ni uamuzi wa papo kwa papo, na ndiyo maana nasema zinastahili kukaa katika somo la fasihi simulizi kuliko tamthilia fulani ambazo tunazichomeka humo kwa nguvu.

Katika rekodi hizo jina la kwanza kwangu ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alizaliwa Morogoro mwaka 1944, akapigia Morogoro Jazz tangu miaka ya 1960, akaenda nayo kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kisha mwaka 1973 akaanzisha bendi yake ya Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, hajafikisha miaka 35. Mbaraka alitunga, aliimba na alipiga gitaa la solo yeye mwenyewe. Jambo hili la tatu ndilo linalofanya nimtenge na wengine. Katika bendi nyingi mwimbaji na mpiga solo ni watu wawili, na wakati mwingine unasikia kabisa kwamba hawakusalimiana asubuhi ile. Kwa Mbaraka, mtu mmoja anajiuliza kwa koo na kujijibu kwa vidole.

Chukua "Shida", wimbo wake unaojulikana kuliko yote. Dhamira yake haihitaji karatasi ya maswali. Iko katika jina. Sauti ya Mbaraka inalalamika waziwazi. Mpiga gitaa mwingine angefuata malalamiko hayo kwa kuvuta nyuzi na kuzililisha, kama tunavyosikia katika bluzi za Marekani. Mbaraka hafanyi hivyo. Gitaa lake linatembea mwendo uleule, noti fupi, moja moja, bila kupandisha sauti. Nimeusikiliza wimbo huu kwa miaka mingi na bado naona hapo ndipo palipo na uzito wake: sauti inasema hali imenishinda, gitaa linasema kesho nitaamka niende kazini. Mwanafunzi anayesoma karatasi peke yake ataandika kwamba mtunzi amekata tamaa. Anayesikiliza solo hawezi kuandika hivyo. Sasa tuambizane, walimu wenzangu, ni yupi kati yao tutampa alama?

Nina nadharia ndogo hapa, na naomba isomwe kama nadharia ndogo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache ya mkopo kama "lazima". Neno la Kiswahili hupanda kisha hushuka: shí-da, mas-kí-ni, na-ku-pén-da. Kirai cha Kiswahili huishia kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi. Sikiliza jinsi Mbaraka anavyomaliza vipande vyake vya solo, na mara nyingi utasikia noti nzito ikifuatwa na nyepesi, kama mtu anayemaliza sentensi. Nimefanya jaribio na wanafunzi wa mwaka wa pili: nawaomba watie maneno yoyote ya Kiswahili katika kipande cha gitaa, wasijali maana. Maneno yanaingia bila kusukumwa. Kisha nawaomba watie maneno ya Kinyarwanda, na hapo wanaanza kucheka, kwa sababu Kinyarwanda kina toni na irabu fupi na ndefu. "Umuryango" wa familia na "umuryango" wa mlango hautofautishwi na mkazo, na melodia ya gitaa inayavuruga maneno yao. Sidai kwamba gitaa lina sarufi. Ninachodai ni kwamba mtu aliyezoea kusema na kuimba kwa Kiswahili hawezi kuvua lugha hiyo mlangoni anapochukua gitaa. Na somo la mkazo, ambalo wanafunzi wetu wa Rwanda hulihangaikia sana, mimi siku hizi nalifundisha kwa Mbaraka. Wanalielewa upesi kuliko kwa jedwali.

Nije Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliweka makazi huko na bendi yao ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga wakaunda Les Wanyika: Omar Shabani kwenye rithimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye ngoma, na John Ngereza akawa mpiga solo wao. Wimbo wao "Sina Makosa" hauna haja ya kutambulishwa kwa mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi katika ukanda huu, ingawa ukitafakari maneno yake utashangaa unatafuta nini harusini. Msemaji ni mtu anayekabiliwa na hasira za mwanamume mwingine kwa sababu ya mwanamke. Anajitetea.

Wengi husifu besi ya Malanga katika wimbo huu, na wana haki. Lakini mimi nataka msikilize magitaa mawili kwa pamoja. Rithimu ya Shabani inarudia jambo lilelile bila kubadili hata kidogo, kama shahidi aliyefundwa vizuri: umuulize mara ya kwanza, ya tano, ya kumi, atajibu vilevile. Solo ya Ngereza inapita juu yake taratibu, tamu, bila papara, ikijaribu njia hii na ile. Ni utetezi mzuri mno. Na kwa sababu ni mzuri mno, mimi nashuku. Mtu asiye na kosa hapangi maneno vizuri namna hiyo. Sijui kama Les Wanyika walikusudia kejeli hii, na swali la nia ya mtunzi tuliache kwenye semina ya nadharia. Ninachosema ni kwamba swali la kama msemaji anasema kweli haliulizwi na maneno. Linaulizwa na magitaa.

Mwenzangu mmoja katika idara, ambaye namheshimu sana, aliposikia ninaandika makala haya aliniambia: "Sisi ni idara ya Kiswahili, Mwalimu, si idara ya muziki. Hatuna mtaalamu wa noti hapa." Hoja yake ina nguvu. Hatuwezi kumtahini mwanafunzi juu ya jambo ambalo mwalimu mwenyewe hawezi kulieleza. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa yote, basi tuache pia kufundisha ngoma, kwa sababu hatuchezi. Tuache kufundisha kiimbo na ishara za fanani, kwa sababu sisi si waigizaji. Katika ngano tunasisitiza kwamba sauti, mkono na macho ya msimulizi ni sehemu ya kazi. Tunapofika kwenye wimbo wa dansi tunasahau tuliyoyasema wiki iliyopita. Wala sihitaji noti. Nahitaji mwanafunzi aweze kusema: hapa mwimbaji amenyamaza, gitaa limeingia, limekaa muda mrefu kuliko ubeti, limerudia melodia ya kiitikio au limeikataa. Hiyo ni lugha ya kawaida. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuiandika.

Wanafunzi wakinibishia kwa mifano ya ng'ambo, nawapa "Hotel California" ya kundi la Eagles, kutoka albamu ya mwaka 1976, kwa sababu sina mwanafunzi asiyeijua. Pale nako maneno yakiisha magitaa mawili, la Don Felder na la Joe Walsh, yanachukua hatamu mpaka mwisho. Hakuna anayeuzima wimbo huo kabla ya sehemu hiyo. Wengine huungojea kwa ajili yake tu. Basi heshima tunayoipa California tuipe na Morogoro. Tofauti ipo, na inafaa kusemwa: katika muziki wa roki mpiga solo hutoka mbele na wenzake hurudi nyuma kumpisha. Katika dansi letu hakuna anayepisha. Kuna solo, kuna solo ya pili au mi-solo, kuna rithimu, kuna besi, na kila mmoja ameshika kipande kidogo ambacho peke yake hakina maana sana. Ukitaka kumsifu mpiga solo inakubidi uwasifu wote, jambo linalowapa shida wahakiki.

Hili linasikika zaidi katika bendi za Dar es Salaam za mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea, hasa Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, na Msondo, ambayo ilizaliwa kama NUTA Jazz mwaka 1964 ikaja kuitwa JUWATA na baadaye OTTU. Wimbo wao una sehemu mbili. Kwanza masimulizi, polepole, maneno mengi, mawaidha kadiri upendavyo. Kisha mwendo unabadilika, linaingia chemko, na magitaa yanatawala. Sikinde na Msondo walikuwa na mashabiki kama timu za mpira, na mashabiki hao walibishana juu ya wapiga solo, akina Abel Balthazar upande mmoja na Said Mabera upande wa pili, kama wanavyobishana juu ya washambuliaji. Nasoma makala za kitaaluma kuhusu nyimbo za bendi hizi na karibu zote zinaishia pale chemko linapoanza. Watu waliokwenda ukumbini walikuwa wanalisubiri chemko. Sisi wataalamu tunaondoka kabla halijaanza, halafu tunaandika kuhusu maoni ya hadhira.

Na hapa Rwanda je? Tunayo mambo yetu. Kabla ya gitaa tulikuwa na inanga, na mpigaji wa inanga husimulia na kupiga kwa wakati mmoja, nyuzi zikichukua nafasi pale anapovuta pumzi. Upande wa Ziwa Victoria, wapiga benga wa Kijaluo walihamishia katika gitaa mbinu za nyatiti, na mtu akisikia solo ya benga anaisikia nyatiti ndani yake. Nimetafuta inanga kwa namna hiyo katika magitaa ya Orchestre Impala, bendi iliyopendwa sana nchini mwetu miaka ya 1970 na 1980, na nikiri kwamba naisikia Kongo zaidi kuliko inanga. Si lawama. Impala walipiga kile ambacho redio za jirani zilikuwa zinapiga, wakakipa maneno ya Kinyarwanda na utulivu fulani ambao hauko Kinshasa. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliwachukua wanamuziki wetu wengi, akiwemo Sebanani André wa Impala. Mpigaji akiuawa, solo ambazo hakuzirekodi hazina mahali pengine pa kukaa.

Waliosalia na waliorudi baada ya 1994 kutoka Tanzania, Uganda, Burundi na Kongo walikuja na nyimbo zao. Ndiyo maana igisope ya Kigali, yaani bendi za baa zinazopiga nyimbo za zamani mwisho wa wiki, inaweza kutoka Impala ikaenda kwa Franco ikaishia kwa Les Wanyika bila mtu kuinua kichwa kutoka kwenye brosheti yake. Wapiga magitaa wa igisope wamejifunza solo hizi kwa masikio. Hakuna aliyeziandika. Wengi si vijana tena, na wamiliki wa baa wamegundua kwamba mtu mmoja mwenye kinanda ni rahisi kuliko watu sita wenye magitaa. Mpigaji mmoja aliniambia kwamba yeye solo ya "Sina Makosa" anaipiga kama alivyofundishwa na mwalimu wake, na mwalimu wake aliongeza vipande ambavyo havimo katika santuri. Vipande hivyo ni fasihi simulizi kwa maana kamili ya neno: vimetoka kwa mtu hadi kwa mtu, vimebadilika njiani, na havina jina la mtunzi.

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, mahitaji ya walimu yameongezeka, na walimu hao watahitaji nyimbo darasani kwa sababu nyimbo ni nyenzo isiyohitaji bajeti. Kwa hiyo mwaka huu, katika kozi ya mwaka wa pili, nimebadilisha zoezi la kukusanya nyimbo. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kitakwenda kwenye igisope moja, Nyamirambo, Remera au kwingineko, kwa ruhusa ya bendi, na kitaleta wimbo mmoja wa Kiswahili ukiwa mzima: maneno yamenukuliwa, na kila mahali ambapo hakuna maneno pameelezwa kwa sentensi zisizopungua tano, neno "ala" likiwa limepigwa marufuku. Waulize pia jina la mpiga solo na nani alimfundisha. Walimu watakaopenda kujiunga nasi wanakaribishwa. Simu ya kurekodia iwekwe karibu na kikuza sauti cha gitaa, si cha mwimbaji. Maneno tutayapata hata kwa mbali, na mengi tayari tunayo katika karatasi.